Kimea Kilikuwa Jikoni Siku Zote

Mama yangu alikuwa mshika mzani. Ndivyo alivyojulikana kijijini kwetu, Mufindi, mkoani Iringa, katikati ya miaka ya 1980. Akina mama wakimwona anapita njia ya kisimani na mzani kaupachika begani, wanajua kesho yake ni kupima watoto. Ulikuwa mzani wa kuning'iniza, uso wake wa duara kama saa ya ukutani, chini una ndoano ya kutundikia kisuruali cha turubai. Unafungwa kwenye tawi la mti mbele ya ofisi ya kijiji, mtoto anavalishwa kisuruali, anatundikwa, analia, anarusha miguu, mshale unayumba huku na huko mpaka utulie. Hapo mama anasoma kwa sauti ya kusikika: "Kilo nane na nusu!" Mwenzake anaandika kwenye daftari, nukta inawekwa kwenye kadi, na walio kwenye foleni wamesikia wote.

Ile sauti nimekuja kuielewa nikiwa mtu mzima. Uzito wa mtoto haukuwa siri ya nesi na mzazi. Ulikuwa habari ya kijiji, kama mvua au bei ya mahindi.

Kadi yangu ninayo hadi leo. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, mikunjo imeanza kuchanika, lakini zile njia tatu bado zinaonekana: kijani juu ya uzito mzuri, kijivu katikati ya uzito pungufu, nyekundu chini ya uzito uliopungua sana. Nukta zangu zinapanda vizuri kwenye kijani mpaka mwezi wa kumi na moja. Halafu zinalala. Mwezi wa kumi na nne nimeshaingia kijivu, na nimekaa humo miezi mitano. Mtoto wa mshika mzani! Mwanamke aliyekuwa akiwaeleza wenzake kila baada ya miezi mitatu kwamba mtoto alishwe mara nne au tano kwa siku, wa kwake alikuwa analishwa mara mbili.

Nilipomuuliza, miaka mingi baadaye, hakunificha. "Mwaka ule tulilima shamba la bondeni, mwanangu. Natoka alfajiri, narudi jua linazama. Wewe ulikuwa kwa bibi yako, na bibi alikuwa na uji wa asubuhi tu. Nilijua. Ningefanya nini?"

Hilo "nilijua" limenikaa moyoni. Nimefanya kazi ya elimu ya lishe vijijini, Mufindi na Kilolo na kidogo Mbarali, kwa miaka kumi na moja sasa, na kila mwaka nazidi kuamini kwamba tunafundisha kwa bidii kile ambacho watu wanakijua, tukaacha kugusa kinachowazuia kukitenda.

Mzani wa mama ulikuwa na historia yake. Mwishoni mwa 1983, Serikali ya Tanzania pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha kutoka Italia, walianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa. Awamu ya kwanza ilichukua vijiji 168. Iringa ya wakati huo ilikuwa kubwa, Njombe, Makete na Ludewa zikiwa ndani yake. Mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012. Wanaosomea lishe ya jamii, hata nchi za mbali, bado wanafundishwa habari za Iringa, na sababu yake ni njia iliyotumika. Kijiji kinapima watoto wake chenyewe. Kinakaa kikao na kuuliza: hawa walioshuka, wameshuka kwa nini? Kinaamua la kufanya kwa uwezo kilionao. Baada ya miezi mitatu kinapima tena, kuona kama uamuzi umezaa kitu. Ndani ya miaka kama minne, watoto wenye uzito pungufu, ambao walikuwa zaidi ya nusu, walishuka chini ya asilimia 40, na wale wa rangi nyekundu wakapungua kwa zaidi ya nusu. UNICEF ilipotoa mwaka 1990 mchoro wake wa sababu za utapiamlo, ule unaopanga sababu za karibu, za kati na za msingi, fikra zake nyingi zilikuwa zimekomaa huku kwetu.

Mama anakumbuka kikao kimoja vizuri. Watoto wa nyekundu na wa kijivu walihesabiwa, majina ya kaya yakasomwa, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi akasema: "Lakini hizi ni nyumba za wanaolima bondeni." Ikawa kweli. Karibu zote. Kikao kilichokuwa kimejiandaa kuzungumzia mboga na maharage kikageuka kuzungumzia umbali wa bonde. Mwisho wake kijiji kikajenga kibanda cha kulelea watoto mchana, kila kaya ikatoa mahindi na maharage, na wanawake wawili wakapewa kazi ya kupika na kulisha wakati wengine wako shambani.

Nilianza kupelekwa pale kibandani nikiwa na miezi kumi na sita. Mwezi wa kumi na tisa nukta yangu imerudi kijani. Mama hakuongezewa somo lolote katikati ya nukta hizo mbili. Aliongezewa mlo wa mchana.

Sasa tuitazame leo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, ni asilimia 30 kwa Tanzania nzima kwa walio chini ya miaka mitano. Iringa ni asilimia 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. (Udumavu unapimwa kwa kimo, uzito pungufu kwa kilo, kwa hiyo namba hizi haziwezi kuwekwa moja kwa moja kando ya zile za miaka ya 1980. Lakini hazihitaji kulinganishwa na kitu ili zitushtue.) Hii ndiyo mikoa inayoitwa ghala la chakula, pamoja na jirani yao Mbeya. Malori ya viazi yanateremka mlima wa Kitonga usiku na mchana, mchele wa Mbarali na Kyela unasifiwa Dar es Salaam, ndizi za Tukuyu zinajaza masoko, parachichi za Njombe na Rungwe zinapanda meli. Mgeni akisikia namba za udumavu anadhani amesikia vibaya. Mwenyeji anajua gunia likiwa stoo halijilishi lenyewe kwa mtoto wa mwaka mmoja.

Miaka yangu ya kwanza nilitembea na bango. Lilikuwa zuri, la rangi, na makundi matano ya chakula yakiwa yamechorwa ndani ya duara. Siku hizi mwongozo wa taifa unahesabu makundi sita. Kulikuwa na samaki mkubwa mwekundu wa baharini na kishada cha zabibu. Nalitundika ukutani, naonyesha kwa fimbo, akina mama wanaitikia.

Siku moja, kijiji kimoja cha Kilolo, niliuliza maswali ya kupima uelewa na mama mmoja kijana akawa anajibu yote. Nyama na maharage ni kundi gani? Anajibu. Mtoto anaanza kulikizwa na chakula cha nyongeza lini? Miezi sita ikishatimia. Nilifurahi. Nikamfuata pale alipokaa ili nimpongeze, nikamwona mtoto aliyempakata. Ana nywele nyepesi zenye rangi ya wekundu, amelala na macho nusu wazi. Nikauliza, dada, huyu amekula nini leo?

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wa sembe. Asubuhi kabla hatujatoka."

"Na mchana?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mtu asiyetaka kumvunjia heshima mgeni. "Bado hatujarudi nyumbani."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nilikuwa nimewaweka pale tangu saa nne, akina mama zaidi ya thelathini na watoto wao mgongoni na mapajani, nikiwafundisha umuhimu wa kulisha watoto mara kwa mara. Hakuna aliyekuwa amelisha. Walikuja kwa sababu mtendaji aliwaita, na waliniitikia kwa adabu kwa sababu watu wa huku ni watu wa adabu. Ukisema "Kamwene" wataitika "Kamwene" hata wakiwa na njaa. Nililikunja bango lile nikawaruhusu waende. Sijalitundika tena.

Tangu siku hiyo naanza na swali. Siku yako ya jana ilikwendaje? Tunachora mstari ardhini kwa kijiti, kuanzia jogoo la kwanza hadi watu kulala. Kila mama anapewa maharage mabichi kiganjani. Weka harage moja pale mtoto alipokula. Wakimaliza, hakuna anayehitaji mtaalamu. Harage moja liko saa mbili asubuhi, jingine liko saa moja usiku, na katikati kuna ardhi tupu, ndefu, inayoonekana. Kwenye msimu wa palizi, au wa kuchuma chai kwa walioko karibu na mashamba ya Mufindi, ile ardhi tupu ni ndefu zaidi. Wanaitazama kimya. Halafu mmoja anasema, "Kumbe," na mazungumzo ya kweli yanaanza.

Hapo ndipo somo la tumbo linapata mahali pa kukaa. Mtoto wa kilo nane, tumbo lake hubeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja, kikombe kidogo cha chai. Sasa kikombe hicho ukijaze uji mwepesi unaomiminika kama maji, sehemu kubwa ya kikombe ni maji kweli. Anashiba. Anasinzia. Mama anaona ameshiba, anatoka na moyo mweupe. Nguvu aliyoipata haimfikishi hata saa tano. Kuna msemo unaosikika sana Iringa siku hizi, kwamba kujaza tumbo si lishe, na kwa mtoto wa umri huu ni kweli kwa kipimo cha kikombe.

Basi, nikawa nasema, upikeni uji mzito. Na hapa niligonga mwamba. "Mzito haumezi, mama. Unamkaba, anautema." Ni kweli pia. Mtoto wa miezi minane hana meno ya kupambana na uji unaosimamisha mwiko. Tukawa tunazunguka palepale: mwepesi hauna nguvu, mzito haupiti kooni.

Aliyetutoa ni bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa, mpika pombe wa kijiji. Nilipofika nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na nikawa nimemsahau. Sikumhesabu kama mtu wa somo, kwa sababu hakuwa na mtoto mdogo. Akasema, "Mwanangu, kwa nini msiutie kimea?"

Akamtuma mjukuu nyumbani. Mtoto akarudi mbio na kibuyu kidogo. Ndani kulikuwa na unga wa ulezi ulioota: ulezi uliolowekwa usiku kucha, ukachujwa, ukafunikwa kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka ukatoa vichipukizi vyeupe, ukaanikwa juani ukakauka kau, ukasagwa. Bibi akaomba sufuria yetu ya uji mzito, ule ambao mtoto alikuwa ameutema. Aliuacha upoe kidogo, akajaribu kwa kidole mpaka akaona kinavumilia. Akachota kijiko kimoja cha kimea, akanyunyiza, akaanza kukoroga taratibu.

Kwa muda hakikutokea kitu. Mwiko ulikuwa unavuta uji wote kama ugali mchanga. Halafu ukaanza kulegea. Ukalegea mbele ya macho yetu, bila kuongezwa tone la maji, mpaka ukawa unateremka kutoka kwenye upawa kama uzi. Unga ni uleule, wingi ni uleule. Akarudisha sufuria motoni uchemke tena, akaepua, akapoza, akampa yule mtoto. Mtoto akanywa kikombe kizima.

Nilikuwa nimesoma habari za kimea. Katika miaka ya 1980 watafiti walijaribu jambo hilihili katika kijiji cha Luganga, Iringa. Nafaka ikiota hutengeneza kimeng'enya kinachokata wanga vipande vidogo, ndiyo maana uji hulegea, na ndiyo maana usitie kimea kwenye uji unaotokota, kwa sababu moto mkali unakiua kabla hakijafanya kazi. Yote hayo yalikuwa kwenye daftari langu. Nilikuwa nimeyaacha huko kwa kuyaona ya kitaalamu mno kwa kijiji, na muda wote huo kimea kilikuwa jikoni, kwenye nyumba ya tatu kutoka hapo tulipokaa, kikisubiri kuulizwa.

Baadhi ya akina mama hawakukubali mara moja. Kimea ni cha pombe, na wapo waliookoka ambao hawataki hata chombo cha pombe kiguse chakula cha mtoto. Sikubishana nao. Bibi ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole: kimea si pombe, pombe ni kukaa na kuchachuka, togwa tuliyokunywa sote utotoni ilitiwa nini? Hapo wakakumbuka. Wengi wao walikuwa wamelelewa kwa togwa ya bibi zao, na walikuwa wameiacha kwa sababu iliaminika kuwa chakula cha kizamani, na uji wa pakiti ndio wa kisasa.

Niseme kidogo kuhusu uji wa pakiti. Unga wa lishe umekuwa sifa ya mama mwenye kujali. Unakuta mchanganyiko wa vitu kumi: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga, hata dagaa. Mama anatoa hela nyingi akiamini wingi wa vitu ndio lishe. Lakini soya inataka kukaangwa vizuri na kuiva kwa muda mrefu kuliko mchele, karanga zikishasagwa zinachacha upesi, na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huwezi kuionja wala kuichuja. Nafaka moja, karanga zilizochambuliwa vizuri zikapondwa siku hiyohiyo, maziwa ya ng'ombe yakipatikana, kipande cha parachichi pembeni: hicho ni chakula kamili na hakihitaji duka. Inaniuma kuona mama anauza maziwa yote asubuhi ili jioni anunue pakiti.

Yule bibi alinifundisha na jambo jingine, kwa kuwapo kwake tu. Nilikuwa nawaita akina mama wenye watoto. Mchana mtoto yuko na nani? Na bibi. Hela ya parachichi au ya viazi ikiingia, inashikwa na nani? Na baba. Nilikuwa namfundisha yule mtu mmoja ambaye mchana hayupo na jioni hana hela. Ndiye aliyebeba lawama zote za kadi ikishuka.

Kina baba hawaji ukiwaita kwa jina la lishe. Wanadhani ni mambo ya jikoni. Nikaanza kuwafuata kwenye mikutano ya ushirika na kwenye magenge ya kupakia viazi, na siku hizi naanza nao kwa mbolea. Nauliza: mahindi yanataka mbolea ya kukuzia lini? Wanajibu vizuri, na kila mmoja ana wiki zake kulingana na ukanda. Ukichelewa mpaka yametoa mbelewele, ukamwaga mfuko mzima, inakuwaje? Wanacheka. Umetupa hela, mahindi yameshaamua kimo chake. Hapo nawaambia: mtoto ana siku 1000. Siku 270 tumboni na siku 730 za miaka miwili ya kwanza. Mbolea ya kupandia ni mama anachokula akiwa mjamzito, ya kukuzia ni kile kinachoingia kinywani mwa mtoto kabla hajatimiza miaka miwili. Baada ya hapo unaweza kumnunulia nyama kila siku, atanenepa, lakini kile kimo na ule ubongo uliokuwa unajengwa vimeshapitwa kwa sehemu kubwa.

Wanaacha kucheka. Baba mmoja, mkulima wa viazi, aliniuliza mbele ya wenzake: "Kwa hiyo wangu wa miaka minne nimeshamchelewesha?" Nilimjibu kwa kweli, kwamba aliyepita hatumwachi, chakula kizuri na shule bado vinamjenga, na pia kwamba mkewe ni mjamzito na huyo anayekuja ana siku zake zote. Wiki iliyofuata yule mama aliniambia mayai ya nyumbani yamesimamishwa kuuzwa. Alikuwa anayauza kununulia sabuni na chumvi. Mume ameanza kununua sabuni yeye. Hakuna somo la makundi ya chakula ambalo lingeweza kufanya hivyo, kwa sababu mama alijua mayai ni mazuri. Alichokosa ni hela ya sabuni.

Nataka pia kuwa mkweli kwamba si kila kitu kinahitaji mafunzo. Nilipokuwa mdogo, wazee wengi wa kwetu walikuwa na rovu shingoni, bibi yangu mmojawapo. Nilidhani ni alama ya uzee. Huku milimani mvua imeosha madini joto kutoka kwenye udongo kwa karne na karne, na bahari iko mbali. Katika miaka ya 1990 chumvi ikaanza kutiwa madini joto viwandani, na leo watoto wangu hawajui rovu ni nini. Hakuna mama aliyebadili upishi wake, hakuna baba aliyeitwa kikaoni. Palipo na njia ya namna hiyo, ichukuliwe bila kuchelewa. Unga unaorutubishwa kwenye viwanda vikubwa ni njia ya namna hiyo, ila kwetu watu wengi husaga mahindi yao wenyewe kwenye mashine ya kijiji, kwa hiyo kirutubisho hakiwafikii. Kuhusu mlo wa mchana wa mtoto wa mwaka mmoja, hakuna kiwanda kitakachokuja kumlisha.

Redio ilifanya kazi kubwa zamani, na sababu yake inafanana na mzani wa mama. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya karibu watu milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza, na 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio ilisema, halafu ikazimwa, na kikundi kikaanza kubishana: sisi hapa tufanye nini? Siku hizi redio za mikoani zina vipindi vizuri vya lishe, lakini kila mtu anasikiliza peke yake na simu sikioni, anaokota parachichi au anaendesha bodaboda. Anasikia. Hana wa kubishana naye.

Taratibu zilizopo leo kwenye makaratasi ni nzuri, na nasema hivyo kwa moyo. Kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, SALiKi, kila baada ya miezi mitatu. Kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Rais. Kinachonisumbua ni safari ya takwimu. Mtoto anapimwa, namba inaingia fomu, fomu inapanda pikipiki kwenda kata, inapanda gari kwenda wilayani, na hairudi. Nimehudhuria siku nyingi ambazo watoto wote walipimwa vizuri na saa nane watu wakatawanyika, hakuna aliyekaa chini kuuliza hawa wa nyekundu wanatoka nyumba zipi. Wengine hawafiki hata kupimwa: chanjo ya surua ya miezi tisa ikipita, wengi huona safari ya kliniki imekwisha, na ni hapohapo nukta zinapoanza kulala.

Sisemi turudi kusoma majina kwa sauti. Nilipomuuliza mama, aliniambia kwamba mwanamke mmoja aliwahi kuondoka pale mtini akilia, na hakurudi kupima mwaka mzima. Hiyo ilikuwa hasara ya ile sauti, na mama mpaka leo anaijutia. Mimi natumia maharage. Meupe ni watoto wa kijani, ya rangi ya damu ni wa nyekundu, yote kwenye ungo mmoja mbele ya kikao. Hakuna jina. Lakini ungo unatembezwa, kila mtu anaushika, mwenyekiti na mchungaji na mwenye mashine ya kusaga.

Kile kijiji cha Kilolo, cha bango langu, kiliushika ungo mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza. Walikuta maharage mekundu tisa. Walibishana mpaka jioni, mara mbili nilitaka kuingilia nikajizuia. Walichoamua ni kwamba mabibi sita walioko nyumbani msimu wa kulima watalisha watoto saa sita mchana, kila bibi watoto wa jirani zake. Kila mama anaacha uji mzito kwenye chupa ya chai, na yule bibi mpika pombe anasaga kimea cha wote. Ulezi unatolewa na kina baba, debe moja moja. Wawili hawajatoa bado.

Tutapima tena mwezi wa pili. Ubao wa kupimia kimo tunauazima zahanati ya kijiji cha jirani, kilomita saba, na barabara wakati huo inakuwa tope tupu. Baba wa viazi amesema atauleta kwa trekta lake, na ameomba siku hiyo yeye ndiye aweke nukta kwenye kadi ya mtoto wake, maana ameshazaliwa, ni wa kike, na amezaliwa na kilo tatu na robo.